Hapa Palikuwa: Miaka Thelathini na Saba ya Mtunza Ghala Kuukuu

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kisima cha kwanza cha mji wetu, ambacho wageni huoneshwa mahali pake mbele ya duka la mbegu, mimi ndiye niliyekiweka pale. Sikuchimba. Nilisema tu, nikiwa na miaka tisa, na nilichosema hakikuwa kweli.

Naomba msomaji anivumilie nifike huko taratibu, maana kurasa hizi si zangu. Ni za mama anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia halmashauri ya mji wetu mdogo wa wakulima kwa miaka thelathini na saba. Jina lake la kwenye faili hulitumia daktari na benki. Sisi wengine tunamwita Bi Hapa.

Halmashauri imeamua kumuaga kwa jiwe. Si jiwe la thamani; ni nguzo ya saruji na kokoto, inayofika kifuani mwa mtu mzima, itakayosimikwa mbele ya duka la mbegu na kuandikwa: HAPA PALIKUWA NA KISIMA CHA KWANZA CHA MJI HUU. Chini litaandikwa jina lake la utani, kwa kuwa yeye ndiye aliyepatafuta mahali hapo kwa miaka kumi na moja. Fundi mwashi atazibana herufi kwenye saruji mbichi siku ya Alhamisi. Leo ni Jumanne. Saruji ikishakauka, jina la mtu asiyewahi kusema uongo litakaa chini ya uongo wangu, na mvua haitaliosha.

Karani wa halmashauri aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu kila Jumamosi mimi hukaa Ghala Kuukuu nikinakili upya lebo zilizofifia, na kwa sababu, kwa maneno yake, mwandiko wangu unasomeka. Hakusema kwamba ninajua kuongea mbele za watu. Angesema hivyo angekuwa amenisingizia.

Bi Hapa aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa mizani katika ghala lile lile ambalo leo ndilo fahari yetu. Wakati huo halikuitwa kuukuu. Liliitwa ghala basi, na msimu wa mavuno mikokoteni ilipanga foleni kuanzia mlangoni hadi darajani. Mizani yenyewe ingali pale: jukwaa la mbao nene, mnyororo, na mshale mrefu nyuma ya kioo. Sheria ya ghala ilikuwa kwamba mkulima asimame upande mmoja na karani upande wa pili, kila mmoja ausome mshale kwa sauti. Namba zikilingana, inaandikwa. Zikipishana, gunia linashushwa na kupandishwa tena, hata kama wapagazi wananuna.

Shida ilikuwa kwamba wakulima wengi hawakujua kusoma namba, kwa hiyo walikuwa wanarudia tu alichosema karani aliyekuwepo kabla yake. Bi Hapa akaona huo si ushahidi, ni mwangwi. Akachukua chaki akaandika moja hadi mia kwenye ukuta wa ndani, karibu na mlango, na kila mkulima aliyekuwa kwenye foleni akafundishwa namba tano kwa kila gunia alilopima. Waliokuwa na mavuno mengi walihitimu mapema. Chaki ile ingalipo, imefunikwa kwa kioo, na Bi Hapa akifika pale na wageni husema humu mlikuwa na shule iliyokuwa na dawati moja, nalo lilikuwa linapima.

Ni kwenye mizani hiyo alikopata msemo wake ambao mji mzima unaujua: macho mawili ni uvumi, macho manne ni habari.

Baada ya miaka tisa lilijengwa ghala jipya la mabati kando ya barabara kuu, na la zamani likaachiwa panya. Bosi wake wa wakati huo alimkabidhi kifungu cha funguo kumi na moja, akamwambia akae nazo wiki mbili, kuna mtu atakuja kuzichukua. Huyo mtu hajaja. Kila mwanzo wa mwaka, kwa miaka ishirini na minane, Bi Hapa ameandika barua rasmi kuuliza ni nani anayekuja kuchukua funguo na lini. Nakala zote ziko kwenye faili. Karani ananiambia kwamba watendaji wanne wamekuja na kuondoka, na kila mmoja alidhani mwenzake amejibu.

Mgeni wa kwanza hakuja kwa ajili ya historia. Alikuja kuuliza choo. Alikuwa dereva wa lori lililopata pancha, na aliporudi kutoka chooni akauliza, kwa adabu tu, jumba hili kubwa lilikuwa la nini. Bi Hapa akamweleza. Fundi pancha alimaliza gurudumu, akangoja, akaja kumwita mteja wake, naye akabaki kusikiliza. Inasemekana gurudumu jingine liliishiwa upepo hivi hivi, kwa kusimama. Dereva yule alirudi mwaka uliofuata na mkewe, safari hii bila pancha.

Watu wakaanza kuleta vitu. Kwanza plau ya kukokotwa na ng'ombe, yenye mshikio uliolainishwa na viganja vya vizazi vitatu. Halafu madebe ya maziwa ya kiwanda kilichofungwa, simu ya kuzungusha kwa mkono, saa ya stesheni ambayo treni yake haipiti tena, daftari la mahudhurio la shule ambamo babu za watu wameandikwa watoro. Ukiingia leo unakutana kwanza na harufu: vumbi la mahindi na katani ya magunia ya zamani. Ghala halijapokea gunia hata moja tangu kabla sijazaliwa, lakini harufu haijahama. Nikiwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo harufu ya zamani yenyewe.

Sasa nieleze kuhusu neno lake, kwa maana bila neno hilo hakuna Bi Hapa.

Kila kitu anachokisema kwa wageni huanza kwa njia moja kati ya tatu. Akisema "hapa palikuwa", ujue watu wawili wasioishi nyumba moja, kila mmoja kwa wakati wake, wamemwonesha mahali hapo kwa mguu. Akisema "huku kulikuwa", ujue ana shahidi mmoja tu, na mkono wake hupita hewani bila kugusa kitu. Akiwa hana shahidi husema "inasemekana", na hapo sauti hushuka na mwendo huongezeka. Siku moja alikuja mkubwa fulani kutoka mbali, na mtendaji wetu akamnong'oneza Bi Hapa aseme kwamba mtu maarufu aliwahi kulala katika nyumba ya wageni ya hapa mjini. Bi Hapa hakukataa. Alisema inasemekana, akatembea kwa kasi hivi kwamba mkubwa alimkuta amekwisha fika darajani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipinga matumizi hayo mwanzoni, akisema ngeli ya mahali haina uhusiano na idadi ya mashahidi. Baadaye alinyamaza, kwa sababu shule yetu haijawahi kukosa swali la pa, ku na mu katika mtihani. Watoto wa mji huu wanajua tangu chekechea kwamba hapa ni pale unapoweza kukanyaga, huku ni kule unakoweza tu kuzurura, na humu ni ndani, vua kofia.

Watani wake hawamwachi. Chupa ya chai ikiisha ofisini, mtu husema hapa palikuwa na chai. Mumewe, fundi baiskeli ambaye naye amestaafu lakini hajaacha, huwaambia wateja wake kwamba siku alipomwambia binti yule anampenda, aliulizwa ni nani mwingine anayejua habari hizo. Ilibidi amwendee dada yake akatoe ushahidi. Bi Hapa akisikia hadithi hiyo hurekebisha jambo moja tu: si dada, ilikuwa ni shangazi.

Wageni wa Jumamosi hutembezwa mji mzima kwa miguu, na safari huchukua muda unaotegemea goti lake la kushoto. Wanaoneshwa maduka kumi na matatu ya barabara kuu, yenye varanda za nguzo za chuma, na kwenye kila nguzo pete ya kufungia mnyama ambayo sasa hufungiwa pikipiki. Wanaoneshwa kinu cha kusaga chenye mkanda wa ngozi, bwawa la kunyweshea ambalo bata wamelifanya lao, na duka la fundi cherehani ambaye ameshona sare za shule kwa mchoro mmoja tangu mama zetu wakiwa darasani.

Na wanaoneshwa Kitambi. Barabara yetu imenyooka kama rula isipokuwa sehemu moja, ambapo inatokeza tumbo la mita mbili kuikwepa safu ya mikaratusi. Miaka ya nyuma walikuja watu wa upanuzi wa barabara na mashine, miti ikawekwa alama nyekundu. Bi Hapa alitumia siku nne kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza kila mti ulipandwa na mtoto gani wa shule, mwaka gani. Siku ya tano miti arobaini na mmoja ilikuwa na vibao arobaini na kimoja vya mbao vilivyoning'inia shingoni. Kumi na vitatu viliandikwa "huku", kwa kuwa vilikuwa na shahidi mmoja. Dereva wa mashine alikaa chini ya mti wa kwanza kula chakula cha mchana, akasoma kibao, akasoma cha pili, akaenda akisoma mpaka mwisho wa safu, na aliporudi akazima injini. Mtu aliyenisimulia hili ni fundi cherehani, na mwingine ni muuza duka la mbegu, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa.

Darasa la nne hutembelea ghala kila mwaka, na kila mtoto hupandishwa kwenye mizani huku wenzake wawili wakisoma mshale kwa sauti. Mwaka wetu mwalimu mkuu aliombwa apande. Alipanda na mwavuli mkononi, mshale ukaenda mbali kuliko alivyotarajia, akadai mwavuli ule ni wa chuma. Bi Hapa akamwomba ashuke auache mwavuli chini, apande tena. Mwalimu mkuu akakumbuka ana kikao.

Mimi siku hiyo nilikuwa wa mwisho kupanda kwa sababu nilijificha nyuma ya madebe ya maziwa. Bi Hapa hakunivuta. Alisema tu, akitazama upande mwingine, kwamba mizani haimli mtu na haimsemi. Tangu siku hiyo nilimpenda, kama mtoto anavyoweza kumpenda mtu mzima asiyemshurutisha kuongea. Na hapo ndipo kisima kinapoingia.

Mji wetu ulianza kwa maji. Hilo hakuna anayebisha. Watu walisimamisha ng'ombe wao penye kisima, wakakaa, wakajenga. Kisha bomba likaja, kisima kikafukiwa, uwanja wa soko ukasawazishwa, na katika muda wa vizazi viwili hakuna aliyekumbuka kilikuwa upande gani. Bi Hapa alikitafuta kwa miaka kumi na moja. Alipata shahidi mmoja, mzee wa kinu, aliyeweka mguu mbele ya duka la mbegu, hatua sita kutoka kwenye mtaro. Mmoja. Kwa hiyo miaka yote hiyo alisema huku kulikuwa na kisima, na mkono wake ukapita hewani juu ya uwanja mzima, na niliona, hata kwa macho ya mtoto, kwamba mkono huo ulikuwa unamuuma.

Mtu wa pili aliyemtegemea alikuwa babu yangu, mpiga matofali, aliyezaliwa hapa hapa. Lakini babu alipatwa na kiharusi, na kufikia siku Bi Hapa alipokuja nyumbani alikuwa hawezi kusema. Bi Hapa alikaa kando ya kitanda chake nusu saa. Nilikuwa dirishani. Nilimsikia akimweleza bibi alichosema mzee wa kinu, hatua sita kutoka mtaroni. Alipotoka alikaa kwenye benchi la nje bila kufunga daftari lake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika stesheni akakuta treni imeondoka.

Nikamwambia babu alikwisha kuniambia, kabla hajaugua, kwamba kisima kilikuwa mbele ya duka la mbegu. Akauliza alisema kilikuwa wapi hasa. Nikasema hatua sita kutoka kwenye mtaro. Akaniuliza mara mbili, nikajibu mara mbili. Halafu akaandika, na akatabasamu, na mimi nikafurahi kwa siku ile nzima. Babu alifariki miezi miwili baadaye. Jumamosi iliyofuata mazishi Bi Hapa alisimama mbele ya duka la mbegu na, kwa mara ya kwanza, akakanyaga ardhi akasema hapa palikuwa. Miaka saba sasa. Madarasa saba ya nne yameunda duara pale.

Yaliyo juu niliyaandika Jumanne. Jumatano, masomo yalipoisha, nilikwenda ghalani.

Alikuwa anaisugua ile simu ya kuzungusha, kwa sababu anataka kuikabidhi ikiwa inang'aa kwa mtu ambaye bado hajateuliwa. Nilisema yote kwa mkupuo nikiangalia sakafu. Aliendelea kusugua kwa muda, kisha akasimama.

Aliuliza, "Babu yako alisema nini hasa?"

"Hakusema kitu."

"Kabla hajaugua?"

"Hakuwahi kukitaja kisima, Bi Hapa. Nilikusikia wewe ukimwambia bibi."

Akakaa kwenye ukingo wa mizani, na mshale nyuma yake ukasogea. Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimeshajiandaa kuondoka.

"Mwanangu, wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa karani. Neno la mtu kupitia kinywa cha mtu mwingine sijawahi kulipima kwa yeyote. Kwa miti ile sikulipima. Siku ile nilisoma mshale mmoja nikaandika miwili, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na nilikitaka sana kisima."

Nilianza kulia. Akanipa kitambaa alichokuwa anasugulia simu nijifute, akakumbuka kina dawa ya kung'arishia shaba, akaninyang'anya.

Kisha akafunga milango, kufuli moja baada ya jingine, tukaenda ofisi ya halmashauri. Njiani hakuniuliza kwa nini nilinyamaza miaka saba. Alipita mbele ya duka la mbegu bila kusimama.

Mtendaji alikuwa na karatasi nyingi mezani na hakufurahi. Alieleza kwamba wageni wamekwisha alikwa, kwamba fundi yuko tayari, kwamba mzee wa kinu naye ametangulia mbele ya haki na hakuna atakayekuja kubisha. Kati ya hapa na huku, alisema, ni herufi mbili tatu, nani atazihesabu. Bi Hapa akamjibu kwamba kama ni chache hivyo, basi hazitamshinda kuzibadilisha. Mtendaji akajaribu njia nyingine, na nakiri ilikuwa na akili. Alisema jiwe haliwezi kusimama huku. Jiwe husimama hapa. Huku ni upepo tu.

Bi Hapa hakupandisha sauti.

"Miaka thelathini na saba nimewaambia watu wa mji huu ukweli, au nimewaambia sijui," alisema. "Ukiliweka jina langu chini ya kitu nisichokijua, hutakuwa umenistaafisha. Utakuwa umenifukuza."

Karani aliacha kupiga mhuri. Aliyeokoa jahazi ni fundi mwashi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na suruali yake iliyotapakaa saruji, akingoja kuambiwa maneno ya mwisho. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye si msomi, lakini kama ni huku, basi jiwe lisikae katikati ya uwanja. Likae pembeni, mgongo wake uwe barabarani na uso wake uangalie ndani. Mtu akija kulisoma atayaangalia maandishi, akimaliza atageuka kuangalia uwanja, naye ataanza kutafuta.

Bi Hapa alimtazama fundi kwa namna ambayo, nadhani, mumewe hajatazamwa kwa miaka kadhaa. Akachukua kalamu ya karani na kuandika kwa herufi kubwa: HUKU KULIKUWA NA KISIMA CHA KWANZA CHA MJI HUU. MAHALI PENYEWE BADO PANATAFUTWA. Fundi akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno, akauliza swali moja: chini aandike Bi Hapa, au sasa itabidi iwe Bi Huku?

Karani alicheka kwanza, kisha mtendaji, ambaye hakutaka. Bi Hapa akacheka mpaka akashika goti. Akasema jina aliache lilivyo. Jina ni la watu waliompa, wala si lake kulirekebisha. Mtendaji akatia sahihi akinung'unika kwamba hajawahi kuona mji unaojivunia kutojua.

Mimi nadhani ni jambo la kujivunia. Miji mingi ina mawe yanayosema hapa. Sijui ni mingapi ina mtu aliyekanyaga kila hapa kwa mguu wake, akauliza watu wawili, na alipokosea akaenda mwenyewe kulibadilisha jiwe lake siku mbili kabla ya kuagwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa ofisini na wa uwanjani, na ya sisi tunaokuja Jumamosi bila kuwa wafanyakazi: asante, Bi Hapa, kwa chaki ukutani, kwa Kitambi, kwa barua ishirini na nane ambazo hazijajibiwa. Asante kwa kutufundisha kwamba kusema sijui ni kazi, na ina siku zake za likizo na ina kustaafu. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, goti lisilouma, na kila utakaposema umechoka, watu wawili wa nyumba tofauti wakuunge mkono. Uishi vyema, mama yetu.

Nilipomaliza sentensi hiyo nilifunga daftari nikaenda jikoni, ambako bibi alikuwa anachambua maharage, nikamweleza nilivyomsingizia mumewe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Alisema babu angecheka, kisha angekasirika, kisha angecheka tena. Halafu akaniuliza ni nani mwingine ninayekusudia kumwambia. Nikasema hakuna, nimeshamwambia Bi Hapa, na jiwe limeshabadilishwa, na habari ya uongo wangu nitaifuta kwenye wasifu.

"Umemwambia anayekupenda," bibi alisema. "Hiyo ni nusu. Kwenye duara lile yamesimama madarasa saba."

Alhamisi asubuhi nilipeleka kurasa hizi kwa karani kabla ya kengele ya shule, zikiwa kama zilivyo. Alisoma mistari ya mwanzo akiwa amesimama, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama nina hakika zichapwe hivyo kwenye kijitabu cha hafla. Nikasema ndiyo. Akaniazima kalamu niongeze aya hii ya mwisho mezani kwake, akazigonga mhuri, nami nikaenda shule. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha hisabati, na nilichelewa dakika sita.